Iodini Kwenye Maziwa Yetu

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu wa kujisikia, na mpaka leo sijamsamehe. Alitufundisha kwamba viumbe hai vyote vimejengwa kwa vitu vilevile: maji, wanga, protini, mafuta na chumvichumvi. Nilifurahi kusikia kwamba yeye na ng'ombe wetu hawatofautiani sana.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulishajifia, pamba inanunuliwa na kila mwenye mizani kwa bei anayoitaka yeye. Kilichoniweka shuleni pale Bariadi ni maziwa. Mama alileta ndoo kila asubuhi kwa ajili ya chai ya walimu, na hiyo ndiyo ikawa ada yangu. Maziwa yakikataliwa, nami narudi nyumbani.

Sasa bibi, mama yake baba, alikuwa na sharti lake. Maziwa yanayotoka kwetu kwenda kwa mtu asiye wa ukoo lazima yatiwe unga wa mtama kidogo, wa kubana kwa vidole, la sivyo ng'ombe atakauka. Unga ule haukuongeza chochote kwenye ndoo. Ulikuwa heshima ya ng'ombe.

Siku ya kupima vyakula, mwalimu akachukua maziwa yetu, na ya jirani yetu aliyekuwa akiimezea mate tenda ile ya maziwa ya walimu. Akayachemsha, akayapoza, akadondosha iodini. Ya jirani yakabaki na ukahawia hafifu. Yetu yakageuka buluu, yakakoza mpaka yakakaribia weusi.

"Wanga," akasema. "Maziwa hayana wanga. Mama yako anatuuzia uji."

Darasa likacheka mpaka likapiga madawati. Nikasimama kueleza sharti la bibi, ndiyo kwanza wakazidi. Niliumia, jamani. Nikamwomba mwalimu atazame ya jirani yalivyo mepesi, kama maji yaliyooshea mchele. Akanijibu kwamba iodini haidanganyi. Kweli haidanganyi, mwalimu: uliiuliza wanga, ikakujibu wanga. Habari ya maji hukuiuliza. Jirani alijaza maji ya kisima akafaulu mtihani, sisi tukafelishwa na unga usiofika hata kijiko.

Kesho yake mwalimu akamwita mama nje ya ofisi, akaimwaga ndoo yote miguuni pake. Mama, kanga imerukiwa na tope, akasema, "Samahani, mwalimu." Mwalimu akampa nafasi moja: alete maziwa yasiyo na unga, la sivyo jirani achukue tenda.

Jioni mama akampigia bibi magoti. Aliomba ndoo moja tu isiyotiwa unga, mtoto asome. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua hata macho.

"Huyu ataolewa," akasema, akininyooshea gunzi. "Ng'ombe akikauka, watoto wa kiume watakunywa nini?"

Baba alikuwepo. Akakohoa, akatoka kwenda kufunga zizi.

Asubuhi mama aliniamsha mapema kama kawaida, akanipa jembe. Sare yangu alikuwa ameshaifua na kuikunja vizuri. Jirani alikuwa na binti wa kimo changu, na mkewe alikuja kuinunua hata kabla sijaondoka kwenda shamba.