Verlin Achagua Mashine ya Risasi

Verlin Haugen alimkosa kulungu dume aliyesimama ubavu wazi, karibu kiasi cha kumtupia kofia. Shemeji yake Dwight alikuwa kando yake akitafuna nyama kavu, akaona yote. Kufikia jioni hakuna baa hata moja katika bonde letu ambayo haikuwa na habari hiyo.

"Ni hizi risasi za dukani," Verlin alijitetea. "Zinatengenezwa ovyo. Kila moja na tabia yake."

"Kweli shemeji," Dwight akasema. "Ile ya leo ilikuwa na tabia ya kupenda miti."

Ndipo Verlin akaamua kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, kama wafanyavyo wengi hapa Montana. Si kazi ya ajabu. Unachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, unayabana yarudi umbo lake, unatia fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa juu. Ardith Pruss, mwenye duka la bunduki, alimwekea mezani mashine ndogo ya mkono inayotengeneza risasi moja moja, pamoja na mizani na kitabu cha vipimo.

"Anza na hii. Ukikosea, unaharibu moja tu."

"Mama, mimi si mtoto wa skauti."

"Sijasema mtoto. Nimesema anza."

Verlin akatoka mikono mitupu. Baridi yote ile alikuwa akitazama video na kubishana mtandaoni na watu asiowajua, ugomvi wenyewe ukiwa ni chuma gani hakipindi. Mgahawani alitueleza habari za mizani ya umeme mpaka mayai yetu yakapoa. Hakuwa amejaza hata risasi moja, lakini alikwisha kuwadharau wote waliojaza kwa mashine za bei nafuu.

Alichonunua mwishowe kilishushwa na watu wawili: dude linalozunguka lenyewe na kufanya hatua zote kwa mpigo. Likafuatwa na mashine ya kung'arisha maganda, taa za daktari wa meno, na meza kubwa iliyolitoa gari la mkewe gerejini. Noreen, anayeuguza wazee mjini, akawa kila asubuhi anakwangua barafu kwenye kioo kabla ya kwenda kazini.

"Linatoa risasi mia tano kwa saa," Verlin alimwambia.

"Na wewe kwa mwaka unapiga ngapi?"

"Hoja si hiyo."

"Nane," Noreen akasema. "Pamoja na ile ya kibao cha barabarani."

Theluji ilipoyeyuka, Verlin akaanza kujaza. Mimi jirani yake nilisikia mlio wa lile dude tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana, na sikatai, lilifanya kazi kwa raha. Alitoka na ndoo imejaa risasi zinazometameta kama mapambo ya Krismasi, akatuchukua mimi na Dwight hadi uwanja wa shabaha.

Risasi ya kwanza haikuingia kwenye bunduki. Ya pili pia. Ya tatu aliisukuma kwa kiganja hadi uso ukawa mwekundu.

"Ibembeleze, shemeji," Dwight akasema.

Ardith, aliyekuwa akijaribu bunduki ya mteja, akaja, akaipima moja. "Maganda hukuyabana hadi mwisho. Kibanio umekifunga juu mno. Ziko hivi zote?"

Verlin alitazama ndoo. Nilimwonea huruma kidogo, ingawa haikudumu, kwa sababu njiani kurudi alituambia kwamba kosa ni la bunduki, na kwamba anafikiria kununua nyingine inayolingana na risasi.

Kumbe Noreen alimsikia akiulizia bei ya bunduki kwa simu. Hakugomba. Aliwasha gari, akaliingiza gerejini taratibu mpaka bampa likagusa ile meza, kisha akaendelea kukanyaga mafuta kidogo.

Lile dude sasa liko kwenye kibanda cha kuku. Zile risasi haziwezi kupigwa wala kutupwa na takataka, kwa hiyo majira yote ya joto Verlin ameketi barazani akizifungua moja moja kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa. Nilipopita jana aliniita nisogee. Amelinganisha nyundo saba, akasema, na nyingi zinazouzwa hazina maana kabisa.