Afande Aliyetengeneza Ruta Yangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikianza sinyamazi. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa Mpumudde, Jinja, na wala sikuwa na homa.

Nyumbani nina kompyuta kuukuu niliyoigeuza seva. Ruta yangu, ile inayogawa mtandao nyumbani, si kisanduku cha dukani. Ni programu inayoishi ndani ya hiyo seva. Nilijiona fundi kweli! Basi mtandao ukaanza kutambaa. Nikiupima kwenye seva yenyewe, unakimbia. Ukipitia kwenye ruta kuja kwenye simu yangu, unakufa. Nikabadilisha kebo, nikaiweka programu upya, wapi!

Na mama yangu, aliyeko Namakwekwe kule Mbale, macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alishamwambia hakuna dawa. Alitaka kitu kimoja tu, auone uso wangu kabla ya giza. Mimi boda boda ilikuwa imenitupa, mguu uko kwenye plasta, safari siiwezi. Kila tukipigiana kwa video ninamtokea vipande vipande. "Sikuoni, mwanangu," analia. Ningefanyaje?

Alasiri moja mtu akabisha hodi. Amevaa kaki za askari jela, kofia mkononi.

"Mama yako ya Namakwekwe, yeye nataka kukuona. Mashine iko wapi?"

Nikadhani mama kanitumia fundi. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajanywa maji, kwa hiyo nikamwambia, "Karibu maji, afande."

"Hapana, bwana. Mimi iko kazini."

Hakunywa, basi nami sikuuliza. Niamini, adabu ndiyo iliyoniponza.

Akainamia kibodi. Akaitafuta kadi ya mtandao, ile ya bandia ambayo seva huipa ruta, akazima mpangilio mmoja ambao sikuwahi kuugusa. Mtandao ukafunguka. Nikampigia mama hata kabla ya kushukuru.

Picha ikatulia, safi kabisa. Mama akatabasamu, lakini hakuniangalia mimi. Alitazama nyuma ya bega langu.

"Mume wangu," akasema, "umerudi lini?"

Nikageuka. Hakuna mtu, hata afande hayupo. Mama akaendelea kumsemesha, akicheka kama msichana, mpaka akachoka. Sasa sikia: baba alikuwa askari jela. Alikufa mimi nikiwa tumboni, na picha zake zote zilipotea wakati wa vita, kwa hiyo uso wake sikuujua. Lakini kompyuta alijifunzia wapi? Hapo ndipo akili yangu inapogoma hadi leo.

Kesho yake mama aliamka gizani. Ana raha, halii tena. Mimi ndiye ninayeumia. Namwonea wivu marehemu, jamani, hiyo ni akili? Nilimuuliza kama aliniona hata kidogo.

"Ulikuwa unamziba baba yako," akanijibu.

Seva siizimi, naiogopa. Nawe kama una mama anayekungoja, usisubiri mtandao utengemae. Nenda, hata kwa magongo.