Jiwe Jeusi la Mlangoni

Nikiwa mtoto kule Sagalla nililiogopa jiwe moja jeusi, lenye vitundu, lililozuia mlango wetu usibamizwe na upepo. Baba alilileta kutoka mahali paitwapo Shetani, upande wa mbugani, ambako zamani ardhi ilitema moto. Alifanya kibarua cha barabara huko. Nyanya, mama yake, alituonya kwamba anayekanyaga mawe yale, miguu yake haitulii tena nyumbani. Baba alicheka. Haukupita muda akapata kazi mbali, kisha nyingine mbali zaidi, na barua zikaanza kupungua.

Nami, msichana wa miaka tisa, nilikuwa nalipanda jiwe lile kila siku nichungulie kama anakuja. Sikumwambia mtu.

Jumamosi moja jioni tulienda kwa mwalimu jirani yetu, mwenye televisheni ya betri ya gari. Wazungu walikuwa wakitembea kwa miguu katika nchi fulani ya kaskazini, mizigo mgongoni, moshi ukifuka ardhini. Picha haikuwa na rangi, lakini mawe niliyatambua. Nilingoja wamezwe na ardhi. Wao wakaketi juu yake wakala mkate.

"Anasema nini huyo wa ndevu?" Nyanya akauliza.

"Anasema huu mwaka wa pili hajafika kwao," mwalimu akamtafsiria.

"Si nilisema!" Nyanya akajipiga paja. Watu wote wakacheka, nami nikaangua kilio.

Njiani nilikiri kwa Nyanya kwamba hulipanda jiwe. Nilidhani atanichapa. Tulipofika alichukua maji ya kupikia yaliyobaki kwenye debe, na Sagalla maji hayachezewi, akanikalisha kizingitini akaniosha miguu, kidole kimoja kimoja, akinong'ona kwa lugha yetu.

"Una miguu ya babako kabisa," akasema. "Haya. Sasa itajua mlango."

Tukala viazi baridi vya mchana, tukalala.

Miguu yangu haikutulia, nakiri. Nimehama miji minne, na hata sasa nikikaa mahali miaka miwili naanza kuyatazama mabegi. Ni jiwe au ni damu, sijui. Lakini kila Krismasi nilirudi, hadi tulipomzika Nyanya. Baba hakuja.

Kwa miaka mingi niliamini jioni ile Nyanya alikuwa akinikinga mimi. Siku hizi nikivua viatu, naitazama miguu hii mipana na kumwona amekiinamia kile kidogo alichobakiziwa cha mwanawe, akikiosha kwa maji yote aliyokuwa nayo.