Picha Isiyotengenezwa

Tulimwita Kidosho akiwa mchanga, na jina likamganda. Sasa huyu binti wa kaka yangu ana miaka kumi na tisa. Anashona mapazia dukani kwa mama yake, na mshono wake hauendi upande hata akifumba macho. Akipumzika hujipiga picha kwa simu, kisha huzirekebisha: pua anaipunguza, macho anayapanua, ngozi anaing'arisha. Watu wakizipenda, hula. Wakizipita kimya, huzifuta, na siku hiyo chakula hakimpiti kooni.

Alipopata nafasi chuo cha ubunifu wa mavazi, alituma mwenyewe picha ya fomu, moja ya zile alizozirekebisha. Siku ya mwisho ya kujiandikisha nikamsindikiza. Karani alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudia.

"Binti, mwambie mwenyewe aje."

"Ni mimi."

"Wewe?" Karani akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Hebu njoo uone. Eti huyu ndiye huyu!"

"Labda ni dada mtu," mwenzake akasema, wakacheka.

Nikatoa cheti cha kuzaliwa.

"Mama, cheti hakina sura. Leteni picha nyingine kabla hatujafunga. Tukifunga, nafasi anapewa mwingine."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mpiga picha, shuka jeupe ukutani na kigoda mbele yake. Kidosho akaketi.

"Kaka, nitengeneze kidogo tu."

"Nikikutengeneza watakurudisha, dada. Haya, kidevu juu. Usitabasamu."

Hakuwa akitabasamu.

Picha zilitoka nne, bado zina joto. Alizishika kwa ncha za vidole. Nilingoja alie, maana angelia ningejua la kufanya. Hakulia.

"Shangazi, kumbe watu wananiona hivi siku zote?"

"Ndivyo tunavyokuona. Na tunakupenda hivyo hivyo."

Maneno yalinitoka makavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Twende, watafunga," nikamwambia.

"Peleka wewe. Wale siwarudii."

Nikachukua moja, nikavuka. Karani akaibandika, akagonga muhuri. "Sasa huyu ndiye. Mwenyewe si nimeshamwona."

Niliporudi, alikuwa bado kwenye kigoda, simu mkononi.

"Wamekupokea, mwanangu."

"Sawa, shangazi."

Hakuinua macho. Alikuwa ameipiga picha mojawapo ya zile tatu zilizobaki, na kwa kidole, taratibu, alikuwa anaipunguza pua.