Kikohozi Chenye Jina la Mtu

Naitwa Margareta. Mabibo wananiita Mama Monica, na nikigeuza mgongo wananiita redio. Nakaanga vitumbua karibu na hosteli za wanafunzi, mahali ambapo asubuhi hakosekani mtu wa kunisikiliza, atake asitake, maana kitumbua kiko kwenye karai langu. Shule sikuenda. Kusoma nilifundishwa na masista kule Masasi nilipojiandaa kwa komunio, nikaishia hapo. Lakini mwaka jana kama ungepita kwenye meza yangu, ungedhani nilisomea udaktari nikafukuzwa kwa ubishi tu.

Ubishi wenyewe ulianza na kikohozi. Na kikohozi, kwa maelezo yangu, kilianza na Albano.

Albano ni mume wangu. Mbele ya padri bado ni wangu, ila chakula anakula kwa Hamida. Ni mchonga vinyago, Mmakonde mwenzangu, mikono yake ina akili kuliko kichwa chake. Tuliinua nyumba Mbezi Luis, nyuma ya stendi, mimi nikibeba kichwani maji ya kuchanganyia saruji, yeye akinionyesha pa kumwaga. Nyumba ilipopata bati na madirisha akaona imepungukiwa kitu kimoja, mke mpya. Nikatoka na karai langu na godoro. Nilikuwa nimeshakaa Mabibo, kwenye chumba cha kupanga, kifua kilipoanza.

Kwa hiyo nilijua ninachoumwa. Mtu akiniuliza mbona nakohoa hivyo, nilimjibu, "Siumwi, nimeudhiwa." Usiku nikilowa jasho, ni hasira. Nguo zikinipwaya, ni huzuni. Kila dalili ilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote yalivaa suruali ya Albano.

Mwalimu Edgar ndiye aliyeniongezea elimu. Uso wake sijauona mpaka leo. Bupe, muuza nyanya wa sokoni, ndiye aliyeniunga kwenye kundi la simu ambamo huyo mwalimu alikuwa akituma masomo ya sauti kila asubuhi. Kwa mtu anayesoma kwa kuburuta kidole kama mimi, sauti ni neema.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti nzito ya kutuliza, "tumedanganywa. Vijidudu havileti ugonjwa. Nijibuni nyie, nzi ndiye aliyeleta jalala, au jalala ndilo lililowaita nzi? Mwili wenye machungu ni jalala. Ondoa machungu, vijidudu vitaondoka vyenyewe."

Nililia. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye sauti ya kiume alikuwa anakiri kwamba nimedhulumiwa mpaka kwenye mapafu. Hata sikugundua kwamba ameniita jalala.

Tangu hapo nikawa mhubiri. Nikigeuza kitumbua nafundisha, nikikiopoa namalizia somo. Kijana mmoja wa hosteli, Lusungu, aliyekuwa akisomea mambo ya maabara, siku moja akanivumilia mpaka akashindwa.

"Mama, hiyo inaweza kuwa TB. Inaambukizwa kwa hewa. Ukikohoa, mwenzako anaivuta."

"Wewe hicho kijidudu umeshakiona?"

"Nimekiona. Kwa darubini."

"Kilikusalimia?"

Wenzake wakacheka.

"Mama Monica, sikutanii. Nenda kapime makohozi."

"Mwanangu, sokoni hapo watu wanakoholeana tangu halijaezekwa. Kingekuwa kinaua, leo vitumbua ungekula kwa nani?"

Wakacheka tena, nikajiona nimemwangusha profesa. Nilipowaona wamecheka na mimi nikacheka, nilipocheka nikakohoa, na nilipokohoa foleni nzima ikarudi nyuma. Vitumbua vikaungua. Nikasema ni gesi mbaya.

Tatizo ni kwamba kikohozi hakikuwa mwanafunzi mzuri wa Mwalimu Edgar. Nilijaribu kuondoa machungu kama alivyoelekeza. Nilikaa kitandani nikavuta pumzi, nikasema nimekusamehe Albano, nimekusamehe Hamida, nikafika kwenye yale madirisha ya Mbezi nikashindwa kuendelea. Basi nikaenda Tandika kwa mzee mkata vimeo.

Kwetu mtu akikohoa muda mrefu huangaliwa kooni. Kile kinyama kinachoning'inia ndicho kimeo, na kikirefuka, wanasema, kinalikuna koo usiku kucha. Yule mzee nilikuwa namfahamu. Miaka ya nyuma nilimpeleka Albano, alipokuwa akikohoa na kusema ni vumbi la mpingo, akakatwa, akarudi nyumbani akaendelea kukohoa vile vile. Sijui kwa nini kumbukumbu hiyo haikunisaidia kitu. Mzee akanimulika mdomoni kwa tochi ya simu, nikamweleza habari zangu huku mdomo uko wazi, akasema machungu ndiyo yanayovuta kimeo, na kwamba changu ni kirefu kuliko vyote alivyoviona mwaka ule. Unajua nilijisikiaje? Nilijisikia fahari. Akakikata.

Nilikaa siku kadhaa siwezi kusema, nakunywa uji wa baridi. Majirani waliniletea uji kwa wingi ambao sijawahi kuuona tangu nihamie pale. Nadhani walitaka hali ile iendelee. Sauti iliporudi, kikohozi kilikuwa kimeshatangulia.

Hapo ndipo Monica, mwanangu wa pekee, akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Hope.

Binti akizaa, mama yake anakwenda kumkanda. Hilo kwetu halijadiliwi. Unachemsha maji, unachovya kitambaa, unamkanda mgongo na tumbo asubuhi na jioni mpaka arobaini, na ukimaliza kumkanda mama unapakata mtoto. Mimi nilikandwa na mama yangu, naye alikandwa na wake. Tangu ujauzito wa Monica uonekane nilikuwa naishi kwa ajili ya arobaini hiyo. Nilijiambia, Albano amechukua nyumba, amechukua jina la mke, lakini hili hawezi kulihamishia Mbezi.

Monica alikuwa ameniambia kwenye simu nisije kabla sijapima kifua. Nilimjibu nimesikia. Kusikia nilisikia. Nikabeba ndoo, vitenge na majani ya mwarobaini, nikaenda kwake Segerea.

Nikamkuta mlangoni, nyuma ya geti la nondo, mtoto hayupo mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua."

"Mama, umepima?"

"Nimekuja kukanda, sijaja kupimwa."

"Isack amesema..."

"Isack ni mumeo. Mie nilimzaa?"

"Na mie nimesema, mama. Sifungui. Mtoto hana hata wiki."

"Kwa hiyo unakandwa na nani? Na feni?"

Akaangalia chini. Huko ndani sufuria likafunikwa, na Hamida akatokea jikoni, kanga ameifunga kifuani, mikono inafuka mvuke.

"Shikamoo, Mama Monica," akasema.

"Marahaba yangu iko Mbezi pamoja na vitu vyangu vingine. Kaitafute huko."

Nikaanza kusema. Nilisema kuhusu mume, nikasema kuhusu saruji, nikasema kuhusu binti wa kuzaa anayempa mgongo wake mke mdogo, na nilikuwa ndiyo kwanza napata joto kikohozi kiliponikaba. Nikashika nondo za geti kwa mikono miwili kama mahabusu, nikakohoa mpaka jirani akafungua dirisha. Hamida alingoja. Nilipomaliza akasema polepole, bila kebehi yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi:

"Hicho kikohozi nakijua. Na mie nilikohoaga hivyo hivyo."

"Wewe ulikohoa kwa kushiba."

"Nilikohoa kwa TB, mama. Nilipewa na Baba Monica. Alipokuja kwangu alikuja nacho, anasema vumbi la mpingo. Vumbi gani linamfuata mtu mpaka Pasaka na hajachonga hata mwiko? Nikamburuta hospitali. Tukakutwa nayo wote wawili. Tumekunywa dawa miezi sita, tumepimwa, tumeshapona."

"Mbona mie hakuniambia?"

"Manesi walimwambia akulete upime. Akasema atakuambia." Akanitazama. "Kwani humjui?"

Namjua. Ni miaka mingi nimeishi na mtu ambaye ataniambia.

Ningependa kusema kwamba nilishikwa na hofu. Kilichonijia kwanza ni furaha. Maana hicho kijidudu cha watu nilikuwa nakikana kwa sababu moja, wala siyo sababu ya Mwalimu Edgar. Kijidudu hakina kosa la mtu. Ukiumwa kijidudu, mumeo anabaki kuwa bwana mzuri aliyehama tu. Nilikuwa nalinda kesi yangu. Na sasa mke mdogo, kwa mdomo wake, ananithibitishia kwamba kijidudu kipo na kimetoka kwa Albano, kwenye kifua nilichokuwa nakichua mafuta kila usiku kwa mikono yangu.

"Hamida, una uhakika chako kilitoka kwake?"

"Kingetoka wapi, mama?"

"Basi na changu ni cha kwake."

"Mama," Monica akasema, "wewe unafurahi?"

"Niache kidogo."

Aliniacha, ila furaha yenyewe haikukaa. Ndani mtoto akalia, kilio kile cha siku za mwanzo, chembamba kama cha paka. Mwili wangu wote ukasogea mbele, nikagonga nondo kwa paji la uso. Na hapo hapo hesabu ikajikamilisha bila mimi kuipenda. Kama kilitoka kwa Albano kikaja kwangu kwa kulala karibu, basi kutoka kwangu kitakwenda kwa huyo anayelia, kwa kubusiwa na bibi yake. Nisingeweza kukiamini kinapomhukumu Albano, halafu nikikane kinapofika kwangu. Nilijaribu. Nilisimama pale nikitafuta namna, na mimi ni mtu wa kupata namna, sikuipata.

Nikaweka ndoo chini na majani ya mwarobaini juu yake. Nikarudi nyuma mpaka kwenye tofali lililokuwa chini ya ukuta wa jirani, upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu, nikakaa nikiwapa mgongo.

"Hayo majani yachemke kwanza," nikasema kwa kupaza sauti. "Na mgongo unaanzia chini, hauanzii mabegani."

"Naanzia chini," Hamida akajibu kutoka dirishani.

"Kwa nguvu. Huyo analia uongo tangu mdogo."

"Mama, ni ya moto," Monica akapiga kelele.

"Ndivyo inavyotakiwa. Hamida, ongeza."

Akaongeza. Nilimsikia mwanangu akinilaani kwa sauti ya mtu anayekandwa sawasawa, nikatulia. Watoto wa mtaa wakaja kumtazama mama mtu mzima anayeongea na ukuta.

Kesho yake nikapeleka makohozi kwenye kikopo. Nilikutwa nayo. Nesi akaniuliza kama niliwahi kuishi na mtu mwenye kikohozi, nikamtaja Albano kwa majina yake yote matatu na kijiji alichozaliwa. Nesi akasema inatosha mama, siyo polisi hapa. Dawa zikaanza, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, nikaamini ni machungu yanatoka mpaka nilipoambiwa ni rangi ya dawa tu. Karai nililifunika. Niliwatuma Bupe na wale vijana wa foleni wakapime, na Lusungu alinijulisha kwamba ni mzima. Akanionea huruma, na huruma ya kijana ni kitu kibaya kuliko kicheko chake. Kwenye kundi nilituma sauti nikimuuliza Mwalimu Edgar: ikiwa nzi amefugwa na mtu, akamleta mwenyewe mpaka ndani kwako, je, bado kosa ni la jalala? Akaniondoa kwenye kundi.

Siku nesi aliponiambia sasa siambukizi tena, ila dawa nisiache mpaka mwisho, arobaini ilikuwa imeshapita. Nilikwenda Segerea mikono mitupu, maana hakukuwa na cha kukanda tena. Monica akafungua geti kabla sijabisha. Akanikalisha, akaniwekea mtoto mapajani.

Hope ana kichwa cha Albano, sitamficha. Nilimtazama muda mrefu nikitafuta kasoro nyingine, sikuiona. Akanishika kidole akakishikilia.

Hamida naye akaingia, ametoka sokoni, jasho linamtoka, akatua kapu na kunyoosha mikono ampokee mtoto kama alivyozoea.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.

"Nimenawa, mama."

"Wapi? Umeshika fedha, umeshika kapu, umeshika mlango. Vijidudu hivyo utaviona lini kwa macho yako mekundu hayo? Kanawe kwa sabuni."

Monica akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Hamida akaenda kunawa. Aliporudi, nikamtuma arudie.