Intaneti ya Mama Audrey, Ghorofa ya Pili

Edah hakuwa mtu wa kununua ovyo. Kwa miaka minane aliyoishi ughaibuni, Gaithersburg, kochi lake lilikuwa lilelile alilopewa na kanisa, na televisheni yake ilikuwa bado ya kizamani, yenye mgongo mkubwa uliojaza kona nzima ya sebule. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwezi wa tisa, mwaka 2007, alipoingia duka la vifaa vya umeme pale Rockville Pike na binti yake Audrey, hakuingia kutembeatembea. Alikwenda moja kwa moja kwa muuzaji, akamwambia anataka intaneti ya nyumbani, na anataka ya bei nafuu kuliko zote.

Sababu alikuwa nayo, na haikuwa ya kujivunia. Edah alikuwa amefeli mtihani.

Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Rockville: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasitoke vidonda. Aliifanya kwa moyo, lakini mgongo ulikuwa umeanza kulalamika, na kila alipomwona nesi akipita na faili mkononi, alijiambia kwamba anachokijua yule, hata yeye anaweza kukijua. Akajiandikisha chuo. Somo la anatomia alilisoma kwa mtandao, maana zamu zake hazikumruhusu kukaa darasani, na mtihani wa mwisho nao ulikuwa wa mtandao: maswali sitini, dakika tisini, na saa ikishaanza kuhesabu haisimami. Mara ya kwanza aliufanyia maktaba. Hakujua kwamba kompyuta za pale humtoa mtu baada ya saa moja, hata kama yuko katikati ya kuhesabu mbavu. Skrini ikazimika na mtihani ukaenda nayo.

Sheria ya chuo ilikuwa fupi. Ukifeli somo lilelile mara mbili, unasimamishwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha unaomba nafasi upya kama mtu asiyejulikana. Edah alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Katika umri huo mwaka mmoja si kitu cha kuchezea.

Muuzaji akawapeleka hadi rafu ya mwisho. Palikuwa na kifaa cheusi chenye antena mbili, modemu na rauta kwa pamoja, kilichopunguzwa bei karibu nusu kwa sababu kilikuwa cha maonyesho na hakikuwa na boksi. Edah akakigeuza juu chini kama anayechagua papai. Akauliza kama bei hiyo ndiyo ya mwisho. Muuzaji akasema ndiyo, imeandikwa hapo. Edah akamwambia boksi lenyewe halipo, basi na pesa ya boksi itolewe. Kijana wa watu akacheka akidhani ni mzaha, na Audrey, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na aibu ya miaka hiyo, akaenda kujificha kwenye rafu ya kalamu.

"Mum, you can't bargain here," alimwambia kwenye basi.

"Mdomo si nimepewa na Mungu? Nimeutumia tu," Edah akajibu, na kifaa chake kimelala mapajani.

Jioni hiyo Audrey alikifunga. Aliuliza maswali mawili: mtandao uitwe nani, na neno la siri liwe nini. Jina wakaliweka MAMA AUDREY. Neno la siri Edah hakulielewa maana yake, na alipoelezwa kwamba ni la kuzuia majirani wasiitumie intaneti yao, alishtuka kweli.

"Kwa nini niwazuie?"

Audrey akajaribu kumweleza kwa Kiingereza, kwa mikono, na mwisho kwa kupandisha mabega. Edah alikuwa na hoja yake, na hoja yake ilitoka kwao Wundanyi, milimani Taita. Alipokuwa mdogo, moto ukizimika usiku alitumwa asubuhi kwa jirani na kigae mkononi. Alirudi na makaa mawili matatu akiyapuliza njiani yasife. Hakuna nyumba iliyomnyima, na hakuna moto uliowahi kupungua kwa sababu jirani ameuchukulia kaa. Sasa hii intaneti si ilikuwa inapita hewani, inatoka yenyewe hadi nje ya ukuta bila kuitwa? Mtu akikuta imemfikia chumbani kwake, wewe utamwambia nini, kwamba umefunga hewa?

"It doesn't work like that," Audrey akasema. Lakini mama alikuwa ameshaingia jikoni kusonga ugali, na mtandao ukabaki wazi.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mzee Gregori wa mlango wa pili, Mtanzania, mtu wa Songea, dereva wa teksi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaeleza kwamba ameona jina la Mama Audrey kwenye kompyuta yake na hakutaka kuligusa bila ruhusa.

"Shikamoo mzee, karibu," Edah akasema. Salamu hiyo alikuwa amejifunza kwa Watanzania wa kanisani. "Tumia tu. Hiyo ni yetu sisi wote."

Baada ya hapo habari ikapanda na kushuka ngazi. Mama Odette wa juu, Mkongomani wa Bukavu, alileta sahani ya sambusa. "Aksanti mingi, Mama Audrey," alisema. "Sasa minaona batoto ya dada yangu kila siku." Fahmi wa chini, mwanafunzi kutoka Tanga, hakuleta kitu, ila kila walipokutana kwenye ngazi alimpokea mifuko. Edah alijisikia mtu. Nchi hii ilikuwa imemzoesha kuwa yule anayeomba: lifti, zamu, barua ya kumtambulisha. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho jengo zima lilikuja kwake kukichukua, na sitaficha, kiburi kidogo kilimwingia.

Mwezi wa kumi na moja, alipoanza mitihani ya majaribio, ndipo alipoona kwamba kurasa zinakuja kwa kujikokota. Picha ya mfupa wa paja ilishuka vipandevipande, kichwa cha mfupa leo, goti kesho. Audrey akamwonyesha kwa penseli: bomba moja limeingia nyumbani, watu wanne wanakinga ndoo, kila mmoja anapata robo. Edah aliuelewa mchoro vizuri kabisa. Alielewa pia kwamba moto wa Wundanyi ulikuwa umemdanganya.

"Basi nitaweka password," Audrey akasema.

"Usiweke."

"Then ask them. Just for Saturday."

Hilo ndilo lililomshinda. Mara tatu alitoka hadi kwenye ngazi kwenda kuwaambia majirani kwamba Jumamosi ana mtihani, wamwachie asubuhi moja tu, na mara tatu alirudi na kisingizio. Tenda wema nenda zako, ndivyo alivyolelewa. Kwenda kwa mtu na kumkumbusha kwamba anachokula ni chako, hata kwa sauti ya upole, kwake ilikuwa sawa na kumtoa tonge mdomoni. Alijiambia kwamba Jumamosi saa nne asubuhi watu huwa wamelala au wako kazini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Jumamosi ikafika. Edah alioga, akaomba, akaketi mezani na kitambaa kichwani. Saa nne kamili akaufungua mtihani. Maswali manane ya kwanza yalikwenda, na aliyajua. La tisa lilikuwa na picha, na picha haikuja. Skrini ilibaki nyeupe huku saa ndogo ya pembeni ikiendelea kuhesabu. Dakika tatu zikapita, zikawa sita. Likaja hatimaye, akajibu, na la kumi likakwama vilevile.

"Nifunge?" Audrey akauliza, kisha akajijibu mwenyewe kwa Kiingereza kwamba hapana, akibadilisha kitu sasa rauta itazimika na kuwaka upya, na mtihani utamtoa nje.

Edah akasimama. Akatoka na ndala zake, saa ikihesabu nyuma yake.

Fahmi alifungua mlango akipikicha macho. Alikuwa anashusha filamu tatu kwa mpigo tangu usiku.

"Fahmi mwanangu, naomba uzime kompyuta, nina exam sasa hivi."

"Yallah! Niwie radhi, mamangu, sikujua." Akakimbia ndani akazima, na alirudi akiomba radhi tena lakini Edah alikuwa ameshapanda. Mama Odette alimwelewa kabla hajamaliza sentensi, akaichomoa kompyuta ukutani na waya wake. Ukabaki mlango mmoja.

Mzee Gregori alifungua akiwa amevaa suti. Suti nyeusi, tai ya bluu, viatu vimeng'aa, asubuhi ya Jumamosi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Uso wake ulifunguka alipomwona Edah, kana kwamba alikuwa akimngoja.

"Ah, Mama Audrey! Mungu ndiye aliyekuleta. Ingia, ingia umwone binti yangu. Leo wenzetu wameleta posa."

Kwenye meza palikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta palikuwa na chumba cha intaneti huko Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni. Msichana aliyejifunga kitenge kipya aliketi mbele, na nyuma yake wanaume wawili waliovalia nadhifu. Mmoja alikuwa mshenga, na alikuwa na maneno ya kumuuliza baba wa binti, maneno ambayo baba huyajibu kwa kinywa chake. Miaka tisa Gregori hakuwa amekwenda kwao, kwa sababu makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado yanazunguka ofisini. Binti yake huyu, Benadetha, alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomwacha.

"Mwanangu, msalimie jirani yangu. Huyu ndiye niliyekwambia, mwenye mtandao."

"Shikamoo mama," msichana akasema. Sauti ilifika kwanza, midomo ikafuata.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana," Edah akasema.

Maneno aliyokuja nayo yalikuwa mdomoni. Aliyahisi pale, mafupi tu: mzee, naomba uzime. Alimtazama Gregori akirekebisha tai yake mbele ya kile kijicho cha kamera, akivuta kiti, akikohoa ili sauti itoke vizuri. Moyo wake ulimuuma kwa ajili ya mzee na kwa ajili yake mwenyewe, na hakujua uchungu upi ulizidi.

"Ulikuwa na shida, Mama Audrey?"

"Hapana, mzee. Nimepita tu kuwajulia hali. Endeleeni."

Alirudi mezani kwake zikiwa zimebaki dakika hamsini na moja. Njia ilikuwa imefunguka kiasi, maana wawili walikuwa wameondoka, lakini kila penye picha alingoja. Audrey alikaa karibu naye, akishika ukingo wa meza. Saa ilipokata, Edah alikuwa kwenye swali la hamsini na tatu.

Majibu yalikuja Jumanne. Kufaulu kulihitaji sabini na tano. Alikuwa amepata sabini na mbili. Alisoma mara mbili, akaenda bafuni, akafungua maji ili Audrey asisikie, akalia. Hakulia kwa upole wa mtakatifu. Alikasirika. Alimkasirikia Fahmi na filamu zake, Gregori na suti yake, muuzaji wa Rockville Pike, mama yake aliyemtuma moto, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa zile mara tatu alizoishia kwenye ngazi. Alipotoka alimwambia binti yake, "Weka password." Audrey akaiweka.

Siku mbili hakuna aliyebisha hodi. Alhamisi, Edah akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, akasikia kikohozi nje ya mlango, akajua ni Gregori. Alidhani amekuja kuomba neno la siri. Jibu alikuwa amelitayarisha tangu Jumanne na halikuwa jibu zuri.

Lakini mzee hakuuliza habari za mtandao. Alikataa hata kukaa. Alisimama palepale karibu na kochi la kanisa, akizungusha kofia yake mikononi.

"Fahmi ameniambia," alisema. "Kumbe siku ile ulikuwa unapita milangoni kuomba tuzime. Ulikuwa na mtihani. Na chuo je?"

"Wamenisimamisha. Mwaka mmoja."

Gregori akafumba macho kidogo. "Mimi nikakuvuta ndani nikakuonyesha mtoto wangu, nikakupotezea muda wako. Mama Audrey, kwa nini hukusema? Neno moja tu. Haki ya Mungu, ungeniambia ningezima palepale."

Edah alimtazama, na lile jibu alilolitayarisha hakuliona tena.

"Najua, mzee," alisema. "Ndiyo maana sikukuambia."