Zimekauka au Bado

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu. Mkewe alikuwa ameinamia beseni uani, povu limempanda mpaka viwikoni, akainua uso na kuuliza, "Limepita?" Naye Mzee Rangi, mtu mzima na ndevu zake, akajibu, "Limepita." Mke akapiga kigelegele. Jirani akachungulia kuuliza kuna nini, akaambiwa wazo la baba watoto limepita chuoni. Haya, lirudishe neno hilo mdomoni kama unaweza!

Wazo halikuwa limepita. Lilikuwa limerudishwa, tena kwa mara ya pili.

Jina la Mzee Rangi alipewa na wanafunzi wenzake, ambao wote angeweza kuwazaa. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Mtaa mzima ulikuwa wa mkono wake: mkasi wa kinyozi, kiatu cha fundi viatu, ng'ombe anayecheka juu ya mlango wa bucha (anacheka nini pale, hakuna aliyewahi kuuliza). Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, brashi zake zikakaukia kwenye kopo. Akakaa nyumbani miezi na miezi akiifokea redio. Mkewe, dobi anayefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa, ndiye aliyechoka kumtazama. "Nenda kajifunze kuchora mabango ya kwenye simu," alimwambia. Hivyo ndivyo mama huyo alivyoielewa kozi ya kutengeneza tovuti, na wala hakukosea sana.

Kozi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Hugusi kompyuta mpaka wazo la mradi wako likubaliwe kwenye karatasi. Likikosa shabaha, mwalimu analiandika RUDIA kwa kalamu nyekundu na kulibandika ukutani, wote walione wajifunze. Ukipata RUDIA ya tatu unafunga begi, unangoja muhula mwingine. Vijana walilichukulia jambo hilo kama mchezo. Mzee Rangi yeye alijijua. Akifunga begi hatarudi tena. Atakaa kwenye kile kiti chake kando ya redio mpaka wamzike nacho.

Alichagua kumtengenezea mkewe tovuti ya udobi. Wazo zuri, nani anakataa? Shida ni kwamba alilichora kama bango. Kwenye bango, mwenye duka akiona mahali patupu huhisi ameibiwa, kwa hiyo Mzee Rangi maisha yake yote hajawahi kuacha nafasi ya kupita hata sisimizi. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na pasi inayofuka moshi, kamba ya nguo, mashati saba, bei, karibu wateja, na habari za faida ya sabuni.

"Mzee wangu," mwalimu alimwambia mara ya kwanza, "punguza." Mwalimu mwenyewe binti mdogo, mpole, lakini kalamu yake haina upole. Mzee Rangi akaenda kupunguza, akarudi ameongeza maua pembeni.

Mara ya pili binti akauliza, "Hii inamsaidia nani, na kwa shida gani?"

"Inamsaidia kila mtu."

RUDIA. Halafu, huku anaibandika ukutani, mwalimu akaongeza, "Wiki ijayo mlete dobi mwenyewe, mzee wangu. Tutaijaribu ya tatu naye hapa."

Dobi mwenyewe! Aje asimame mbele ya ukuta ule!

Wiki ile alitafuta njia ya kutokea. Alifikiria kumwazima dobi wa mtaa wa pili. Alifikiria kuugua, akajaribu hata kukohoa, mkewe akamletea maji ya moto na akapona kwa aibu. Mwishowe aliufikisha mwaliko, ukweli akaubakiza. Asubuhi moja alifungua kinywa autoe, mke akamuwahi: "Siku hiyo nivae lipi, la bluu au la maua?" Kinywa kikajifunga. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Huyu wetu aliitamani iwe fupi zaidi, afike mwisho apumzike.

Siku ikafika. Mke alivaa la bluu, na mkoba wake wa harusini akautundika begani. Mwalimu akasimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mmelipitisha wazo la mzee."

Mwalimu akamtazama Mzee Rangi. Mzee Rangi akaitazama sakafu. Mke akageuza macho ukutani. Angeutambua mkono wa mumewe hata gizani. Pasi yenye moshi, RUDIA. Pasi yenye moshi na maua, RUDIA. Akasimama pale kidogo, kisha akavuta kiti akakaa, mkoba mapajani. Hakumtupia mumewe jicho.

"Mama, kazi ni hivi," mwalimu akasema, akijitahidi sauti yake iwe ya kawaida. "Jifanye wewe ni mteja wako. Tafuta humu kwenye karatasi zake kile ambacho wateja hukupigia simu kukitaka. Popote unapotaka kubofya, weka kidole. Mzee ndiye kompyuta: atakubadilishia karatasi. Na kompyuta haina mdomo, haielezi wala haijitetei."

"Hata nikimuuliza?"

"Hata ukimuuliza."

"Basi leo tutaelewana," mke akasema. Vijana wakacheka. Mzee Rangi alitamani ardhi ipasuke.

Mke akaweka kidole juu ya pasi. Mzee Rangi akaondoa karatasi, akaweka nyingine: pasi kubwa zaidi. Akaweka kidole kwenye kamba. Zikaja picha za mashati. Akarudi mwanzo. Akasoma habari za sabuni neno kwa neno, yeye aliyeshika sabuni miaka yote. Mikono ya Mzee Rangi ililowa jasho hata wino ukaanza kumwachia alama vidoleni. Kila ukurasa aliouweka mbele ya mkewe aliuona sasa jinsi ulivyojaa, jinsi usivyo na pa kushika, na ulimi akauuma usiseme chochote. Mke akatafuta, akatafuta, kisha akakitoa kidole mezani.

"Mama," mwalimu akauliza, "ungeitumia hii?"

Kila mtu mle ndani alijua uzito wa swali hilo. Dobi akisema ndiyo, mwalimu atakataaje? Mzee Rangi akainua macho, akamwomba mkewe kwa macho hayo kila alichowahi kumwomba tangu wafahamiane.

Mke akanyoosha gauni lake magotini. "Hapana," akasema.

"Ni nzuri. Mume wangu ana mkono, hilo silipingi. Lakini hakuna anayenipigia simu kutaka kuona pasi. Wananipigia nimezama kwenye povu, nijifute, niikimbilie simu, kumbe wote swali ni moja: zimekauka au bado? Nimelitafuta humu, halimo. Na yeye kila siku analisikia, kiti chake kiko hapo hapo karibu na kamba. Angeniuliza ningemwambia." Akauelekeza mkono ukutani. "Mimi nilimuuliza swali langu moja tu, akanidanganya."

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, taratibu, kama mtu asiyependa anachotaka kufanya. Mzee Rangi akamzuia, akaipokea. Kwa herufi zake za bango, nene na zilizonyooka, akaandika RUDIA juu ya karatasi yake mwenyewe, akaenda kuibandika pamoja na zile mbili. Akarudi kwa mkewe.

"Halikupita, mama watoto. Hata la kwanza halikupita. Niliogopa."

Mzee Rangi akavuta karatasi nyeupe, akachora mstari mmoja wa kamba na kitufe kimoja, akaandika juu yake: Zimekauka au bado? Mkono ukamwasha kuongeza shati, japo moja tu. Akaukalia.

"Mteja akibofya hapa," akamuuliza mkewe, "aone nini?"

"Aone 'bado'," mke akasema. "Mara nyingi ni bado."

Mwalimu akaisogeza ile karatasi karibu, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko Mzee Rangi alivyoweza kustahimili. "Huku chini kote patupu, mzee wangu. Hujamaliza?"

"Nimemaliza."

Mwalimu akaweka tiki. Kisha akaenda ukutani, akaibandua ile RUDIA ya tatu. "Hii sikuiandika mimi," akasema, akaikunja.

Walitoka pamoja mpaka getini. Hapo mke akasimama. Tiki ameiona kwa macho yake mawili, lakini akauliza vilevile, sauti ile ile ya kwenye beseni:

"Limepita?"

"Limepita," akajibu Mzee Rangi.

Mke akamkabidhi mkoba, akageuka, akarudi darasani kumuuliza mwalimu.